TAHADHARI: "Riboni ya zamani, haijawahi kufunguliwa" – soma kabla hujatuma pesa

Wanamuziki, mafundi sauti, na wote mnaopenda maiki za kale: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu na tangazo lilelile, "maiki ya jukwaani ya zamani, riboni halisi, haijawahi kufunguliwa, chuma kitupu, haifi leo wala kesho". Riboni ni maiki inayonasa sauti kwa utepe mwembamba wa chuma. Muuzaji huyu akibanwa maswali anafuta akaunti, kisha anarudi na jina jingine. Rafiki yangu mpiga gitaa ameshaingizwa mjini, na maiki aliyotumiwa nimeikagua kwa mikono yangu.

Kwa nje inapendeza. Ganda kubwa zito, mfano wa RCA 44, riboni maarufu ya kale, rangi imechubuka pale ambapo mkono wa mtu ungeichubua. Nikaiweka kwenye stendi, nikazima chaneli nyingine zote za mixa, nikaongea kwa sauti ya kawaida huku naizunguka. Mbele sauti ikaja vizuri. Ubavuni ikaja pia, imepungua kidogo. Nyuma, karibu kimya. Kwangu kesi iliishia hapo. Maiki ya aina ya 44 husikia mbele na nyuma sawasawa, na ubavuni ndiko iliko kiziwi, kwa sababu utepe wake umetundikwa katikati ya sumaku ukiwa wazi pande zote mbili. Sauti inayotoka ubavuni huufikia mbele na nyuma kwa pamoja, nguvu zinalingana, utepe haujongei. Tulipomulika tochi kupitia kwenye wavu, hapakuwa na utepe wowote. Palikuwa na kapsuli ndogo ya duara ya maiki ya kawaida ya dainamiki, yaani inayonasa sauti kwa koili badala ya utepe, imebandikwa kwa gundi.

Sasa sikieni jibu alilopewa rafiki yangu alipolalamika: "Umeichomeka kwenye mixa yenye fantomu, umeunguza utepe. Riboni ni dhaifu, kila mtu anajua." Fantomu ni umeme ambao mixa huutuma kwenye maiki kupitia waya wa sauti. Kabla ya kulipwa maiki ilikuwa haifi, baada ya kulipwa imekuwa dhaifu. Na huo utepe ulioungua haumo!

Hapo ndipo watu wanapolizwa, kwa hiyo tulielewe vizuri. Ganda ni kitu kimoja, utepe ni kingine. RCA 44-BX ina uzito wa karibu kilo 4, lakini kinachonasa sauti ndani yake ni ukanda wa alumini wenye unene wa mikroni 2 hivi (milimita 0.002), urefu kama sentimita 6, umekunjwa mikunjo midogomidogo. Ukipuliza tu, unaweza kuuvuta ukalegea au ukakatika. Muuzaji anayejaribu "riboni" kwa kuipuliza fuu fuu mbele ya kamera, ama hajui anachouza, ama anajua fika kwamba si riboni.

Ila si kweli pia kwamba riboni hufa ukiitazama. Maiki za Reslo za Uingereza zilifanya kazi jukwaani kwenye Cavern Club ya Liverpool enzi za Beatles, na Beyerdynamic ya Ujerumani iliwahi kutengeneza M 500, riboni ya mwimbaji kushika mkononi. Ikitunzwa vizuri hudumu miongo mingi, na utepe ukilegea fundi huweka mwingine. Hiyo ni matengenezo ya kawaida, wala haipunguzi heshima ya maiki. Muuzaji mkweli atakwambia utepe ulibadilishwa. Mimi hilo neno "haijawahi kufunguliwa" ndilo linanitia shaka kuliko yote.

Kuhusu fantomu: waya ukiwa mzima, volti 48 hufika sawasawa kwenye nyaya zote mbili za sauti, hivyo hakuna mkondo unaopita kwenye transfoma iliyo kati ya utepe na waya, na utepe hauguswi. Hatari ipo waya mmoja unapogusana na ngao ya nje ya waya, au unapochomeka kwa plagi ya jeki huku fantomu imewashwa. Kwa hiyo zima kabla ya kuchomeka. Lakini "umeunguza" si jibu la kila lalamiko. Mwambie akuoneshe utepe wenyewe ulivyoharibika.

Ujanja mwingine wake ni picha ya maiki iliyounganishwa na mita ya fundi ya kupimia nyaya, namba inaonekana, chini kaandika "nzima, inapitisha". Mita hiyo inapima waya wa transfoma upande wa kutokea. Utepe uko upande wa pili. Unaweza kuwa umekatika kabisa na mita ikasoma vilevile. Tena usirudie jaribio hilo nyumbani, kamkondo ka mita kanaweza kuurusha utepe mzima.

Halafu kuna "riboni ya Elvis", yaani Shure 55, maiki ambayo watu huihusisha na mwimbaji Elvis Presley. Jamani, Shure 55 haijawahi kuwa riboni. Ile mistari inayong'aa ni wavu tu, ndani ni dainamiki tangu ilipotoka mwaka 1939. Ni maiki nzuri na ngumu, lakini ngumu kwa sababu ya udainamiki wake. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ile ndogo inayoitwa 55S ilikuja 1951. Geuza usome kibandiko: kampuni ya Shure ilihamia mji wa Evanston kutoka Chicago mwaka 1956, basi maiki iliyoandikwa Evanston haiwezi kuwa ya vita vya pili. Ukiona sponji ya buluu nyuma ya wavu, hiyo ni Super 55 ya karne hii. Angalia na soketi. Za zamani zina plagi ya kukaza kwa kuzungusha. Ikiwa na XLR, soketi ya pini tatu ya maiki za sasa, wakati anadai ni ya miaka ya arobaini, kuna mtu aliifungua, hata kama tangazo linaapa vinginevyo.

Kabla ya kulipa, dai video moja isiyokatwa: aongee huku anaizunguka maiki, kisha amulike tochi kwenye wavu hadi ule mstari wenye mikunjo uonekane, kisha aoneshe kibandiko na soketi. Huyu jamaa akiombwa hivyo husema kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Mwache aende naye.

Kama tayari mzigo umeshafika, rekodi unavyoufungua, na usiondoe wavu kwa bisibisi yako: sumaku ya riboni hunasa vumbi la chuma, na utampa hoja ya bure ya kukataa kukurudishia pesa. Hifadhi tangazo lake pia kabla hajalifuta, hasa pale alipoandika "riboni halisi".