Zungusha ringi kabla hujalipa: kamera na lenzi nilivyozipanga mimi

Malalamiko ninayoletewa siku hizi yanafanana mpaka naweza kuyamalizia mwenyewe. Kamera mpya, hela imetoka ya maana, muuzaji kasema inashika jicho la mtu hata akigeuka upande, halafu taa za ukumbini zikapunguzwa, bibi harusi akaanza kucheza, lenzi ikaenda mbele ikarudi nyuma ikaenda tena mbele, ilipokuja kutulia imeshika maua ya ukutani. Mwenye kamera akahamia fokasi ya mkono, yaani kuiweka picha shapu mwenyewe, akazungusha ringi ya lenzi, ringi inazunguka tu haina mwanzo haina mwisho, na wimbo ushaisha. Swali linalofuata ni lilelile: dada, niiuze nichukue ipi yenye otofokasi kali zaidi?

Usiiuze kwa sababu hiyo. Otofokasi ya kamera karibu zote za miaka hii ni nzuri, na hakuna hata moja ambayo haitakukwamisha siku moja: gizani, jua likiwa usoni, ukipiga kupitia wavu au kioo, au mtu kavaa nguo isiyo na hata mstari akasimama mbele ya ukuta wa rangi hiyohiyo. Mashine inatafuta mahali mwanga na giza vinapopishana ili ipate pa kushika, isipopaona inahangaika. Hapo unabaki na mkono wako, na mkono hauna pengine pa kushika zaidi ya ringi. Kwa hiyo sipangi kwa megapikseli wala video wala idadi ya nukta za fokasi, hayo yameandikwa kila mahali. Napanga kwa ringi ya fokasi basi.

Kwenye lenzi za zamani ringi ilikuwa inazunguka kwenye hesi ya chuma iliyoshikana na vioo. Ukizungusha robo, vioo vinasogea kiasi kilekile, leo na mwakani. Mwaka 1985 ikaja kamera ya Minolta 7000, mota ya fokasi ikiwa ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ikauzika sana, na kila kampuni ikakimbilia huko. Sasa mota inataka vitu vyepesi na safari fupi ili iwahi, kwa hiyo ringi ikakondeshwa, ikalegezwa, safari yake ikakatwa. Canon EF 50mm f/1.8 II ya 1990, ile ya plastiki ambayo nusu ya wapiga picha wamepita nayo, ina karingi kembamba pale mdomoni na hata kipimo cha umbali haina. Lakini hiyo angalau ukizungusha kuna kitu unakisogeza kweli. Lenzi nyingi za mirolesi, kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani, ringi haijagusana na kioo kabisa, unapoizungusha unatuma ujumbe tu, kompyuta ndo inaamua vioo vitembee kiasi gani, na mara nyingi imepangwa kwamba ukizungusha haraka vinatembea sana na ukizungusha taratibu vinatembea kidogo.

Wanakuuzia hilo kama ujanja. Mimi naona ndo kasoro kubwa kuliko zote na hakuna anayeitaja. Fokasi ya mkono ni kumbukumbu ya vidole, unajua kutoka mtu wa mita mbili kwenda wa mita nne ni mzunguko wa kiasi fulani, na baada ya muda huangalii hata skrini. Ringi inayobadilika kwa kasi ya mkono haikaririki, utaisoma miaka kumi na bado utakuwa unabahatisha.

Kipimo chenyewe hakihitaji utaalamu. Weka swichi kwenye MF (fokasi ya mkono), fokasi kitu cha karibu, kumbuka kidole kilipo. Zungusha taratibu mpaka kitu cha mbali kionekane vizuri, kisha rudisha kidole palepale, ila safari hii kwa haraka. Kama kile cha karibu hakijarudi shapu, ujue ringi inakudanganya. Kisha zima kamera uiwashe uone fokasi imebaki ulipoiacha au imehama. Halafu iache ilale yenyewe, gusa ringi, uone kama inaamka au imekufa. Ikifeli usiondoke bado, ingia menyu kwanza, maana Fujifilm kadhaa, Canon za RF na Nikon Z za juu, zote mirolesi, zina setingi ya kuifanya ringi ifuate mzunguko badala ya kasi. Imefichwa ndani sana na dukani sijaona muuzaji anayeijua.

Ya kwanza: Olympus, ambayo sasa ni OM System

Mimi ni wa Olympus, sifichi, na tangu kitengo cha kamera kiuzwe mwaka 2021 wakabadilisha jina bado nipo. Sababu ni klachi. Kwenye lenzi zao kama 12mm f/2, 17mm f/1.8 ya kwanza, 12-40mm f/2.8 PRO na zile PRO za f/1.2, unaivuta ringi kuelekea kwako, unasikia tak, namba za mita zinatokea chini yake, na ringi sasa ina mwisho pande zote mbili. Ukiisukuma mbele, otofokasi imerudi. Hakuna menyu wala kitufe, na jicho halitoki kwenye kidirisha cha kutazamia. Ndani bado ni umeme, kweli, lakini inatii, na unachokisoma kwenye mita ndo unachopata.

Chukua hiyo 17mm, weka f/5.6 (namba ya apecha, tundu la kuingizia mwanga), vuta klachi, weka ringi kwenye mita tatu na nusu. Kwa hesabu za kawaida, kuanzia kama mita 1.7 mpaka upeo wa macho kila kitu kinakuwa shapu. Sasa tembea sokoni, mtoto akikatiza mbele yako wewe unabonyeza tu, mwenye kamera yenye nukta 693 za fokasi bado yake inachagua ishike pua au kofia. Wapiga picha wa mtaani walifanya hivi kabla mota haijazaliwa na hakuna kilichobadilika kwenye fizikia yake.

Kasoro ipo, tena moja ya kuudhi. Klachi inajivuta yenyewe ndani ya mkoba. Unatoa kamera, unabonyeza, hakuna kinachoshika, na wapo waliopeleka kwa fundi kamera nzima wakilia otofokasi imekufa, fundi kasukuma ringi mbele na pesa kachukua. Bodi nyingi zao unaweza kuizima klachi kwenye menyu ukiwa hutaki. Na angalia lenzi kwa lenzi, 25mm f/1.8 na 45mm f/1.8 hazina klachi japo zinakaa rafu moja na zenye nayo. Kuhusu sensa ndogo na chembechembe za usiku, ndiyo, zipo, nimezizoea.

Ya pili: Canon za DSLR zilizotumika, ila na lenzi sahihi

DSLR ni zile zenye kioo cha kuakisi ndani. Namaanisha lenzi za EF zenye mota ya fokasi ya USM ile ya duara: 85mm f/1.8, 100mm f/2, 35mm f/2 IS. Otofokasi ikishashika kidogo pembeni, unairekebisha kwa ringi hapohapo bila kugusa swichi, na kuna kidirisha cha umbali juu. Watu wanazikimbia kwenda mirolesi, kwa hiyo zinapatikana. Usichanganyikiwe na herufi tu: 85mm f/1.2L, ile nzito ya bei ya kutisha, ringi yake ni ya umeme, kamera ikizimwa ringi haifanyi chochote. Na ukitaka fokasi ya mkono kwenye f/1.4, apecha ikiwa wazi sana, usiamini kidirisha cha kutazamia cha DSLR, kioo chake kimetengenezwa kiwe na mwanga ili otofokasi ikufanyie kazi, hakikuonyeshi jinsi sehemu iliyo shapu ilivyo nyembamba, wala hakina ile picha iliyokatwa katikati inayoungana fokasi ikikaa sawa, kama kamera za filamu. Tumia skrini ya nyuma, kuza, kisha piga.

Ya tatu: Nikon na lenzi za AI-S

Maunti ya F (pale lenzi za Nikon zinapoungana na bodi) ni ya 1959, na lenzi za AI-S, za fokasi ya mkono, zilizoanza mwaka 1981 zina ringi ambazo nikizishika nasikitika tulikofikia. Unaziweka kwenye kamera ya Z f ya 2023 kwa adapta ya FTZ, unakuza, umemaliza. Ningeiweka juu zaidi kama si gharama ya bodi na adapta kwa pamoja. Tena hiyo FTZ haina mota, kwa hiyo lenzi za AF-D, ambazo hutegemea mota ya bodi, otofokasi yake haifanyi kazi hapo, kama isivyofanya kwenye bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao. Muuzaji anakupa bodi ya D5300 na 50mm ya AF-D kwa pamoja, anakwambia zinaingiliana. Zinaingia kweli.

Ya nne: Voigtländer

Hizi ni lenzi za mkono mtupu, otofokasi hakuna, ringi tamu kuliko zote hapa. Zipo za maunti ya Sony, Nikon Z, Fujifilm na Canon RF, nyingi zikiwa na viunganishi vya kuipa kamera taarifa. Ni kwa anayetaka kujifunza kwa nguvu, si kwa mwenye harusi Jumamosi. Leica ni nzuri, kila mtu anajua, tuendelee.

Fujifilm nao walikuwa na ringi ya kuvuta kwenye 14mm f/2.8, 16mm f/1.4 na 23mm f/1.4 ya kwanza, ukizipata chukua. Za bei rahisi, TTArtisan na 7Artisans zisizo na otofokasi, ringi ni ya kweli na inatosha kuanzia.

Kinachonichefua ni hiki. Kipimo cha umbali kilikuwa ni rangi tu iliyochorwa kwenye chuma, wamekitoa, ringi wameikata, na bei imepanda. Kisha waliouza lenzi za zamani kwa bei ya kutupa, adapta zilipojaa wakaona watu wanazitafuta, sasa lenzi ileile inaitwa ya kikale na inauzwa bei ya mpya. Na dukani anakuonyesha kamera inavyoshika jicho lake mwenyewe, kasimama chini ya taa nyeupe, katulia, anatabasamu. Hapo hata simu inashika. Mwambie azime taa uone sura itakavyobadilika.

Wa vitu vilivyotumika ndo wabaya zaidi, kioo kinang'aa, picha kapiga vizuri, kaandika imejaribiwa inafanya kazi, na grisi ya ndani imekauka mpaka ringi unaizungusha kwa mikono miwili. Au imeyeyuka, ringi inateleza vizuri ajabu na wewe unafurahi. Funga apecha kidogo, imulike na tochi ya simu, utaona mafuta yanang'aa kwenye vile vipande vyembamba vya ndani. Kusafisha hayo fundi anafungua lenzi yote, kwa hiyo bei yake iondoe kwenye ya muuzaji au mwachie lenzi yake.