Gari kuukuu za tabo za Kiswidi: ipi uchukue, ipi uiangalie kwa macho tu

Wakuu, kila theluji ikianza kuyeyuka huku Uswidi naanza kupokea meseji za aina moja, mtu kaona Saab au Volvo ya zamani yenye tabo (turbo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini kuisukumia injini hewa zaidi) inauzwa bei ya kutupa, anauliza nichukue au niache. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeona niandike yote mara moja, namba moja mpaka tano. Na niseme mapema, mpangilio wangu hauangalii ipi inakimbia zaidi, maana zote zinakimbia vya kutosha kukunyang'anya leseni, mimi naangalia ipi utakuwa bado unaendesha baada ya winta tatu.

Kwanza kwa wasiojua ugonjwa huu unatoka wapi. Saab ilianza 1937 ikiwa kampuni ya ndege za kivita, magari yakaja baada ya vita, na mwaka 1977 kwenye maonyesho ya Frankfurt wakaleta 99 Turbo. Kabla ya hapo, ukiacha malori, tabo ilikuwa zaidi mambo ya magari ya mashindano na gari chache za barabarani, wao wakaiweka kwenye gari ya kupeleka watoto shule. Miaka michache baadaye wakaongeza kitu kinaitwa APC, sensa inayosikiliza injini kama daktari aliyeweka kipimo kifuani kwa mgonjwa, ikisikia inaanza kugonga (petroli inalipuka kabla ya wakati wake) inapunguza upepo wa tabo yenyewe kabla pistoni hazijaumia. Volvo nao wakafuata na 240 Turbo, na mwaka 1985 lile boksi la mraba likachukua ubingwa wa Ulaya wa magari ya abiria, watu walikuwa wanaliita tofali linaloruka.

Na utamu wenyewe ni ule wa kizamani. Unakanyaga, kimya, unahesabu moja, mbili, halafu kama kuna mtu kakusukuma mgongoni kwa mikono miwili. Gari nyingi za siku hizi zina tabo ila hazikupi hiyo, zinavuta tu kama lifti.

Sasa kabla ya namba, sheria moja tu. Nunua mwenye gari, usinunue gari. Mzee mstaafu mwenye faili la risiti tangu mwaka 1996, oili kabadilisha kila mwaka hata kama hajatembea, huyo mpe hela yake bila kubishana sana. Kijana aliyeweka bomba la moshi kubwa, kaongeza upepo wa tabo kwa laptop na hana hata karatasi moja, huyo mshukuru kwa kahawa uondoke. Na muhimu kuliko yote, ikute injini ya baridi. Mimi gari yangu ya kwanza ya tabo nilifika nikaikuta inaunguruma tayari, muuzaji anatabasamu, eti "nimekupashia moto mkuu kuna baridi", nikaona kweli watu wa huku wakarimu. Wiki ya pili nikaiwasha asubuhi baada ya kulala nje, moshi wa bluu ukajaa parking mpaka jirani akafungua dirisha. Sili za tabo zilikuwa zimekwisha, injini ikishapata moto ulikuwa huoni kitu. Toka siku hiyo nikifika nashika boneti kwanza kabla sijamshika mtu mkono.

1. Volvo 940 Turbo (mpaka 1998)

Najua wapenzi wa Saab mmeshakunja sura. Lakini hii ndio gari ya mtu anayeanza. Injini yake ile wanayoiita bloku nyekundu, lita 2.3, valvu nane, inavuta matairi ya nyuma, nguvu za farasi 165 kwenye ile yenye tabo kamili (kuna nyingine ina 135, ya upepo mdogo, soma karatasi vizuri usiuziwe hiyo kwa bei ya kamili). Ukifungua boneti unaona lami chini, mkono unaingia kila mahali. Na kuna jambo moja linaloniuza mimi kabisa: taimingi belti (mkanda unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni) ikikatika gari inazima tu, valvu hazigongani na pistoni, unaweka belti mpya unaendelea na safari. Kwa gari ya miaka 30 hiyo ni bima.

Cheki kitundu cha kupumulia cha injini, kinaziba na masizi, kusafisha ni kazi ya nusu saa ila kikiachwa oili inatafuta njia yake kwenye sili. Cheki kutu kwenye matao ya tairi za nyuma na mlango wa buti. Odomita za Volvo za enzi hizo zina kagia kadogo ka plastiki kanavunjika namba zinasimama, kwa hiyo kilomita unazoonyeshwa zisikushike akili sana, angalia risiti na cheti za ukaguzi.

Tatizo lake kubwa sio la ufundi. Huku kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kuendesha gari iliyofanyiwa marekebisho ihesabike kama trekta, mwisho kilomita 30 kwa saa, na hizi Volvo za kuvuta nyuma ndio wanazipenda kuliko kitu chochote. Kwa hiyo 940 nzuri zinaishia na pembetatu ya kuonyesha gari ya polepole nyuma na muziki ndani, zinazobaki bei inapanda. Ukipata safi usilale.

2. Saab 9000 Turbo 2.3 (1994 mpaka 1998), hasa toleo la Aero

Hapa moyo wangu. Kama ningekuwa napanga kwa mapenzi ingekuwa namba moja na hakuna wa kunibishia.

Bodi yake ya chini walishirikiana na Waitaliano, ndugu zake ni Fiat Croma, Lancia Thema na Alfa Romeo 164, ila Waswidi wakaongeza vyuma kila kona. Ndani ni kubwa ajabu, nimeshabeba kochi la watu wawili na mlango wa nyuma ukafungwa. Aero ina farasi 225, na haijalishi sana hiyo namba, jambo ni namna inavyovuta kutoka kilomita 80 kwenda 130 ukiwa nyuma ya lori, unapita kabla hujamaliza sentensi. Oktoba 1986 walipeleka 9000 Turbo tatu za kawaida kwenye uwanja wa mbio wa Talladega kule Alabama, Marekani, zikazunguka usiku na mchana siku 20, kilomita 100,000 kila moja, na iliyoongoza ilitoka na wastani wa kilomita 213 kwa saa. Injini ile ilikuwa ya lita 2.0, hii 2.3 ni mdogo wake wa damu.

Kwa nini nasema 1994 kwenda mbele? Kwa sababu ya kompyuta ya Trionic. Inasoma mlipuko ndani ya silinda kupitia plagi zenyewe, haihitaji ile sensa ya kusikiliza tena, na inalinda injini vizuri kuliko kitu chochote cha enzi hizo. Taimingi ni cheni, sio belti. Ila ina kaseti nyekundu juu ya plagi, koili zote nne ndani ya boksi moja, ikifa gari inakufa, haina kuchechemea mpaka nyumbani. Wenye hizi gari wote wanatembea na kaseti ya pili kwenye buti kama mtu anavyotembea na spea tairi, na wewe ukinunua fanya hivyo siku ya kwanza. Plagi weka zile kitabu kinachotaka, usiwe mjuaji ukaweka za bei ya juu, hiyo kaseti haitaki sifa.

Kinachoishusha mpaka namba mbili ni uyatima. Saab ya magari ilifilisika Desemba 2011. Vitu vya injini, breki, sensa, bado vinapatikana, Hedin Parts (waliokuwa wanaitwa Orio) wanauza na kuna wengine wengi, lakini taa ya mbele, plastiki za dashibodi, ngozi ya kiti, hapo unaingia kwenye kutafuta mizoga ya magari. Kwa hiyo 9000 nunua ile iliyokamilika ndani na nje hata kama injini inavuja kidogo, injini utaitengeneza, ila mkanda wa plastiki wa mlangoni utautafuta mwaka mzima.

3. Volvo 850 T-5 na V70 ya kwanza

Silinda tano, na huo mlio wa silinda tano peke yake una mashabiki wake. Mwaka 1994 Volvo walipeleka 850 ya familia, ile ndefu ya nyuma, kwenye mashindano ya magari ya abiria Uingereza, watu wakacheka, haikushinda lakini mpaka leo hakuna aliyesahau. Halafu ikaja T-5R ya njano kama siagi, hiyo sasa ni ya wenye hela, achana nayo, tafuta T-5 ya kawaida yenye rangi ya kuchosha.

Hapa belti ikikatika umekwisha, valvu zinakutana na pistoni. Kama muuzaji hana risiti ya belti, hesabu kwamba haijabadilishwa, toa hiyo hela kwenye bei. Kipimo cha kupumua kwa injini ni rahisi, iache inaunguruma, toa kifuniko cha kuwekea oili, vesha glavu ya mpira pale. Ikijaa kama mkono wa maiti ujue njia za kupumulia zimeziba na kuzisafisha lazima intake manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) ivuliwe. Ikinywea, vizuri. Halafu AC isipotoa baridi usikubali ile hadithi ya "inataka gesi tu", mara nyingi ni ivapareta (kile kipoozeo cha AC kilichojificha ndani) imetoboka na kuifikia ni dashibodi nzima chini.

4. Saab 9-5 ya silinda nne

Bei rahisi kuliko zote hapa na ndio maana inaua watu. Zile za kuanzia mwanzo mpaka 2003 zina ugonjwa wa oili kugeuka tope, mfumo wa kupumua ulikuwa dhaifu na bomba la moshi lenye kichujio chake cha moto linapita karibu na sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inapikwa. Tope linaziba chujio la pampu, mengine unayajua. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: sampu imewahi kushushwa ikasafishwa, na risiti iko wapi? Hakuna risiti, basi weka gharama ya kuishusha kabla hujaizungusha hata mtaani. Kuanzia 2004 walirekebisha mfumo wa kupumua na hizo nazipendekeza bila wasiwasi mwingi, Aero ya farasi 250 ina kasi ya ajabu barabara kuu na viti vyake ukishavikalia viti vya gari nyingine vyote vinakuwa mabenchi.

Zile nyingine mnazouliza: Saab 9-3 Viggen, imepewa jina la ndege ya kivita na usukani wake nao unataka kuruka, ukikanyaga inachagua yenyewe kwenda kushoto au kulia. Volvo V70 R ya 2003 mpaka 2007, farasi 300, tamu, ila shokapu zake za umeme zikifa zote nne bei yake ni ya gari nyingine. Pita.

Na wale wa nyumbani mnaotaka nisafirishe: Kenya gari iliyozidi miaka 8 haiingii, mjadala umefungwa. Bongo njia ipo ila za huku zina usukani wa kushoto, ungetafuta Uingereza, na ukifika unamtafuta fundi aliyewahi kuiona, labda uwaulize wa malori ya Scania, maana Saab na Scania zilikuwa kampuni moja tangu 1969 mpaka 1995, ndio maana yule mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha ndege na taji alikaa kwenye nembo zote mbili. Utani huo lakini, usimpelekee mtu wa malori gari yako.

5. Saab 900 ya zamani, Turbo 16

Ya mwisho sio kwa ubaya. Kioo cha mbele kimepinda kama cha ndege, funguo iko katikati ya viti na haitoki mpaka uweke rivasi, injini imelazwa na imegeuzwa, klachi inakutazama mbele unaweza kuibadilisha bila kushusha injini wala giaboksi. Hakuna gari nyingine hivyo duniani. Ila giaboksi imewekwa chini ya injini na haikuzaliwa kwa ajili ya nguvu ya tabo, ikianza kulia ndio inakuaga, na mafundi wanaozifungua vizuri wengi wamestaafu. Kutu inajificha kwenye mifereji ya shafti za mbele, usipolala chini na tochi huioni. Na bei sasa ni ya watu wanaoweka gari gereji wakaiangalia.

Kwa hiyo kama unataka gari ya kutumia kila siku, usinunue 900.

Mimi juzi nimeona moja nyeusi, milango mitatu, mwenyewe mama mmoja mwalimu mstaafu, faili la risiti nene kama kamusi. Jumamosi naenda kuiona saa moja asubuhi, nimemwambia asiiwashe.