TAHADHARI: Wanaouza "kibali cha polisi" cha alamu milangoni, Dallas na Fort Worth

Ndugu zangu mnaoishi Dallas, Fort Worth na miji ya jirani, hasa mlionunua nyumba karibuni, naomba msome hili na muwasomee wazee wetu ambao Kiingereza cha mikataba kinawapiga chenga. Kuna watu wanapita nyumba hadi nyumba wakiuza alamu za wizi, na katikati ya maneno yao wanachomeka malipo ya "kibali cha polisi". Kibali hicho hawakiombi. Pesa wanaila. Na safari hii wanatembea na mtu anayezungumza Kiswahili.

Limempata dada yangu. Anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, mchana huwa amelala. Mlango ukagongwa: wanaume wawili, fulana za kazi, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Mmoja akasema, "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu." Dada akafungua. Uko ugenini, tangu uhamie mtaa huo hujasikia shikamoo, utaacha kufungua?

Wakamwambia vifaa ni bure, atalipa ada ya mwezi tu. Kisha yule mwenye Kiswahili akatoa neno lililommaliza: "Mama, hapa alamu bila kibali ni kosa, utapigwa faini. Lakini usihangaike, maombi tunapeleka sisi, wewe toa dola 220 tu." Dada akalipa kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana pesa kwa simu, kwenye akaunti ya mtu binafsi, si ya kampuni. Jioni hiyo hiyo vihisi vya milango vikafungwa, na dirishani ikabandikwa stika yenye namba ya kibali iliyoandikwa kwa kalamu.

Wiki ya sita mtoto alirudi shule akakosea namba ya siri, king'ora kikalia, polisi wakaja. Siku chache baadaye ikaingia barua ya manispaa: nyumba hii ina alamu isiyo na kibali. Nilipiga simu mwenyewe. Karani akaitafuta ile namba ya kwenye stika, hakuna. Akatafuta kwa anwani, hakuna ombi lolote lililowahi kupelekwa. Simu ya yule ndugu haipatikani hadi leo. Kampuni nayo ikajibu kwamba kibali ni jukumu la mteja, imeandikwa kwenye mkataba, na hizo dola 220 hawazijui. Mkataba wenyewe ni wa miezi 60, dola 54.99 kwa mwezi. Pigeni hesabu: dola 3,299.40 kwa vifaa vilivyoitwa vya bure.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uongo huu umeegemea jambo la kweli. Kibali kipo. Dallas wanakitaka, Fort Worth wanakitaka, Houston vilevile, kwa sababu alamu nyingi mno zinazowaita polisi hazina mwizi ndani yake. Ni mlango uliosukumwa na upepo, betri iliyokwisha, mbwa, au mgeni asiyejua namba. Kwa hiyo anayekwambia kibali kinatakiwa hajakudanganya hapo. Anakudanganya kwenye bei, na kwenye nani anayekitoa.

Sheria ya jimbo la Texas imeweka kikomo: manispaa haiwezi kutoza zaidi ya dola 50 kwa mwaka kwa kibali cha alamu ya nyumba ya kuishi. Kwa biashara, iwe saluni yako ya kusuka au duka la unga na mafuta ya mawese, kikomo ni dola 250. Anayekutajia 220 kwa nyumba ya kuishi ameshajianika. Omba mwenyewe, kwa jina lako na anwani yako, kupitia tovuti ya mji wako au kitengo cha alamu cha polisi. Unalipia huko huko na unapewa namba, kisha wewe ndiye unayeipeleka kwa kampuni. Hata kampuni ikisema imekuombea, piga simu manispaa uulize kama anwani yako inaonekana. Ni simu ya dakika chache. Sisi tuliipiga tukiwa tumechelewa wiki sita.

Na ukiwa na kibali halali, kosa la mtoto halikuumizi hivyo. Kwa sheria hiyo hiyo, manispaa haikutozi faini ya king'ora kilicholia bure mpaka viwe vimeshalia vingine vitatu ndani ya miezi 12.

Sasa kuhusu mkataba. Ukiuziwa kitu nyumbani kwako na mtu aliyekuja kubisha hodi, kanuni ya shirikisho inayosimamiwa na FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, inakupa hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Muuzaji anatakiwa akwambie haki hiyo kwa mdomo na akuachie nakala mbili za fomu ya kufuta. Tena, na hili wengi hatulijui, karatasi zinatakiwa ziwe katika lugha aliyoitumia kukushawishi. Amekuuzia kwa Kiswahili? Mkataba uwe wa Kiswahili. Dada alisaini kwa kidole kwenye tableti, Kiingereza mwanzo mwisho, na fomu ya kufuta hakuiona kabisa. Hilo tumeliandika wazi kwenye malalamiko tuliyopeleka FTC na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas.

Kabla hujamkaribisha mtu sebuleni, mwombe jina la kampuni na namba ya leseni. Kampuni za alamu Texas zinapewa leseni na Texas DPS, idara ya usalama wa umma ya jimbo, na unaweza kuihakiki bure kwenye tovuti yao ukiwa umesimama hapo hapo mlangoni. Akikuharakisha, funga mlango. Lugha moja si dhamana.

Kama wamepita kwako juzi au jana, bado una nafasi. Jumamosi inahesabiwa kuwa siku ya kazi, Jumapili na sikukuu za shirikisho hazihesabiwi. Kama fomu hukupewa, andika barua kwamba unafuta mkataba, weka tarehe na sahihi, baki na nakala, kisha uipeleke posta leo kwa rejista ili upate risiti ya siku uliyoituma.