PSD moja, lebo za lugha tatu: uzoefu wangu na leya ndani ya InDesign

Hapa Kampala kazi moja ya chapa hutakiwa kwa Kiingereza na Kiluganda, na siku hizi Kiswahili nacho kimo. Kwa kazi za namna hiyo, sijapata msaada mkubwa ndani ya InDesign, programu ya kupanga kurasa, kuliko uwezo wake wa kupokea faili ya Photoshop (PSD) ikiwa na leya zake zote, yaani matabaka ya picha. Wenzangu wengi wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, bado wanaziunganisha leya, wanahifadhi JPEG, ndipo wanaileta kwenye ukurasa. Ni mafundi hodari na nimejifunza mengi kwao, ila kwa hili naona wanajitwisha mzigo bure.

Chukua katalogi ya kahawa niliyoipanga kwa wakulima wa arabika ya Bugisu, kule kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Walitaka matoleo matatu: la Kiingereza, la Kiluganda, na la Kiswahili kwa wanunuzi wa Kenya. Pakiti ni ileile, picha ni ileile, kinachobadilika ni lebo. Lebo zote tatu zikakaa kama leya katika PSD moja. Ndani ya InDesign unachagua fremu (kisanduku chenye picha), unafungua menyu ya Object, kisha Object Layer Options. Leya zote zinajipanga hapo, kila moja na alama ya jicho ya kuionyesha au kuificha. Unafumba mbili, unaacha moja. Huifungui Photoshop wala hutoi nakala ya faili. Uwezo huu upo tangu toleo la CS2 la mwaka 2005, na bado nakutana na wapangaji wazoefu ambao hawajawahi kufungua dirisha hilo.

Chini ya dirisha hilo kuna chaguo la nini kitokee kiungo cha PSD kikisasishwa, yaani faili ikibadilishwa Photoshop. Weka Keep Layer Visibility Overrides. Usipofanya hivyo, InDesign itafuata macho yalivyoachwa Photoshop, na lebo ya Kiluganda inaweza kujikuta kwenye katalogi ya Nairobi. Na mchoraji akiongeza leya, akifuta au akibadilisha majina yake, kagua kila ukurasa kabla ya kutoa PDF.

Sasa kivuli. Hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo, nami nataka wasivunjike. Ukiweka kivuli cha pakiti kwenye leya yenye Multiply (namna ya kuchanganya inayotia giza rangi iliyo chini), ndani ya Photoshop kinapendeza. Kikifika juu ya rangi ya ukurasa, Multiply ile haivuki mpaka wa faili: uwazi unabaki, lakini kivuli kinafunika rangi ya chini badala ya kuchanganyika nayo, na juu ya kahawia au kijani kinaonekana kijivu, kama vumbi. Dawa yake ni leya hizohizo. Nakili fremu, ibandike palepale kwa Paste in Place. Ya chini iachie leya ya kivuli peke yake, kisha uipe Multiply ya InDesign yenyewe. Ya juu ifumbe kivuli, ibaki na pakiti. Fremu ni mbili, faili ni moja. Kivuli kinakaa kwenye karatasi kama kivuli, na kila nikikiona kimetoka vizuri kwenye mashine nafurahi upya.

Maandishi madogo sitayaweka kamwe kwenye PSD. Yakiingizwa InDesign hugeuka pikseli, kingo zake hazikati tena. Tena faili ikiwa ya RGB (rangi za skrini), nyeusi yake ikigeuzwa kwenda CMYK (wino nne za uchapaji, kila mmoja na pleti yake, yaani bamba la kuchapia) hutengenezwa kwa wino zaidi ya mmoja. Mteja mmoja alileta orodha ya bei iliyoandikwa yote Photoshop. Mzee wa mashine aliitazama kwa lenzi, akaniambia, "Mwanangu, hii nyeusi ina rangi nne. Pleti ikisogea unywele, hakuna atakayesoma bei." Nikamjibu, "Sawa, Mzee, naiandika upya." Bei zote zikaandikwa ndani ya InDesign kwa nyeusi tupu, zikasomeka. Lebo yenye herufi kubwa za kuchora haina tabu, mradi picha ibaki na pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa.

Kwa PDF ya mwisho natumia PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji, kwa sababu inaubeba uwazi ulivyo. Baadhi ya wachapaji bado wanadai PDF/X-1a, aina nyingine, ambayo haikubali uwazi, hivyo InDesign hulazimika kuuyeyusha wakati wa kutoa faili. Inawezekana, ila kitazame kivuli kwa karibu kwenye skrini kabla ya kulipia pleti.

Ambaye ada ya kila mwezi ya InDesign inamlemea, Scribus ni programu ya bure ya kupanga kurasa na nayo husoma leya za PSD, unaziwasha na kuzizima kwenye sifa za ziada za picha. Katalogi yenye lebo za lugha tatu kama hii inaiweza.