Reading Like a Historian: historia na Kiingereza katika kipindi kimoja

Mtaala huu, ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, unapakuliwa bure ukishajisajili. Kila somo lina swali kuu moja, usuli mfupi, kisha nyaraka za wakati husika, mara nyingi zinazopingana. Mwanafunzi huuliza nani kaandika, lini na kwa nini, halafu analinganisha. Nyaraka nyingi zimefupishwa na lugha kurahisishwa, hivyo hata anayesoma Kiingereza kwa kusuasua hushiriki; hapo ndipo unapoipita mitaala mingine mingi. Kazi ya kuandika ni haba, kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza aongeze insha yake. Na dakika 40 hazitoshi nyaraka 4. Tumia 2, la sivyo kengele italia kabla ya mjadala, ambao ndio kiini chenyewe.