TV ya 2014 iliyobaki redio: nimeitengeneza, na sauti nimeiokoa kwa waya wa elfu tatu

TV yetu ni ya inchi 32, tuliinunua 2014, mwaka wa Kombe la Dunia la Brazil. Miezi mitatu iliyopita tulikuwa tunaangalia mpira, picha ikapotea ghafla, sauti ikabaki. Mtangazaji anapiga kelele za goli, sisi tumekodolea giza. Mzee akasema, "Haya, sasa tumenunua redio."

Fundi wa kwanza hata hakuifungua. Aliiwasha, akaizima, akatikisa kichwa. "Kioo kimekufa, bosi. Nikupe elfu thelathini uniachie nitoe vipuri." Nikaibeba nikaondoka nayo, kwa ubishi tu, wala si kwamba nilijua lolote.

Wa pili yuko Mbagala, ana kibanda kidogo kimejaa maganda ya TV. Huyu alizima taa ya kibanda, akawasha TV, akamulika kioo kwa tochi ya simu akiwa ameilaza upande. Nikainama kuchungulia. Picha ipo! Hafifu sana, wachezaji wanapita kama vivuli, lakini ipo. "Kioo kizima, kaka. Zilizokufa ni taa za nyuma." Kipimo hicho kila mtu anaweza kujifanyia nyumbani kabla hajaambiwa TV yake ni mzoga.

Alinieleza kwamba nyuma ya kioo kuna mikanda ya taa za LED, na kwenye TV kama yangu zimeungwa kwa kufuatana, kwa hiyo moja ikikata, umeme haupiti na zote zinalala. Aliigusa mikanda mitatu kwa kipimo chake, miwili ikawaka, mmoja una taa moja imeungua mpaka imeacha doa jeusi. Nilitaka abadilishe huo mmoja niokoe hela. Akanikatalia: ile mingine ina umri uleule, utarudi hapa baada ya mwezi. Mikanda yote mitatu na ufundi, 65,000. Kwa kulinganisha, Kariakoo TV mpya za inchi hiyo nilizoulizia zilianzia laki tatu na kitu.

Ukipeleka yako, uliza mapema: kioo kikipasuka wakati wa kufungua, ni juu ya nani? Kuifikia ile mikanda lazima kioo kitolewe, na ni chembamba, kina utepe wa nyaya pembeni unaokatika kwa kuvutwa kidogo tu. Yeye na kijana wake walikinyanyua kwa mikono minne, wamebana pumzi, nami nimebana yangu. Kikipasuka hapo, hakuna tena hesabu ya kutengeneza.

Siku ya pili nikaichukua. Picha inang'aa kuliko zamani, ila ilikuwa na ubuluu. Nikaingia kwenye mipangilio ya rangi, nikachagua ile ya joto, nyuso za watu zikarudi kuwa za watu. Mwanga wa nyuma nao nikaushusha kutoka 100 hadi 60, kwa sababu fundi alisema kinachoua hizi taa ni joto.

Basi, picha tunayo. Ikabaki sauti, ambayo kusema kweli ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Spika zake zinaangalia chini, sauti inagonga meza ndiyo ije kwako. Mzee umri umekwenda, kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku analalamika kwamba wasomaji wanamung'unya.

Nikanunua sabufa ya 110,000. Muuzaji: "Ina Bluetooth, unaunganisha tu." Yangu haina, ni ya 2014! Kilichoniokoa ni waya wa elfu tatu, upande mmoja pini ya hedifoni, upande wa pili nyekundu na nyeupe. Nikaiwasha kwa mbwembwe. Vikombe vikatetemeka kabatini, na Mzee akauliza, "Amesema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sabufa inatoka dukani tayari kwa muziki wa sherehe. Maneno ya mtu hayakai kwenye besi. Nikaishusha besi karibu na sifuri, nikapandisha trebo, sanduku nikalitoa pale konani (kona inaizidisha besi), vispika viwili nikaviweka kulia na kushoto kwa TV, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kulikuwa pia na mvumo, ngrrr, usioisha. Ulikatika nilipochomeka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja. Habari ya usiku ule Mzee hakuuliza kitu.

Fundi nampa tisa kwa kumi, moja nimeikata kwa sababu kona ya chini kushoto ina weupe kidogo ukitazama picha nyeusi. Sabufa inapata sita: inaongea vizuri baada ya kuibembeleza, lakini ina taa za disko zinazopepesa rangi usiku kucha na hakuna kitufe cha kuzizima, nimezibandika selotepu nyeusi. Halafu rimoti sasa ni tatu, ya TV, ya king'amuzi na ya sabufa. Mzee amezifunga pamoja kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na anayezifungua bila ruhusa anaulizwa.