Makombo ya Beach House yamenishibisha

Mikusanyiko ya nyimbo za pembeni, yaani zile zilizobaki nje ya albamu, huwa naikwepa. Lebo ikitaka hela kidogo kabla ya albamu mpya, inafagia studio: majaribio yasiyoiva, rekodi za jukwaani, remiksi ambazo hakuna aliyeziomba, halafu tunaambiwa ni zawadi kwa mashabiki. Kwa hiyo B-Sides and Rarities ya Beach House ilipotoka Juni 2017 chini ya lebo ya Sub Pop, niliifungua kwa shingo upande. Leo naisikiliza kuliko baadhi ya albamu zao kamili, ingawa kuna mahali bado inaniudhi na nitafika huko.

Kwa asiyewajua, Beach House ni watu wawili wa Baltimore, Marekani: Victoria Legrand anaimba na kupiga kinanda, Alex Scally yuko kwenye gitaa. Wameanza 2004. Muziki wao hauna haraka: kinanda kinachotanda kama moshi, mdundo wa mashine ulio mwepesi, na juu yake ile sauti nene ya Legrand. Kama unapenda muziki wa kukuamsha ukacheze, hapa hakuna chako.

Nyimbo ziko 14, na mbili zilikuwa hazijawahi kutoka popote: Chariot na Baseball Diamond. Hizo mbili ni mabaki ya vipindi vya kurekodi vya Depression Cherry na Thank Your Lucky Stars, albamu mbili walizotoa 2015 bila hata miezi miwili kupita kati yake. Chariot ndiyo inafungua, na hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti. Huu si wimbo uliokataliwa kwa sababu ni mbovu. Una kila kitu ambacho watu wanakipenda kwa bendi hii, na kiitikio kinachopanda taratibu mpaka unashtuka kimeshakushika. Nadhani uliachwa kwa sababu haukukaa vizuri na majirani zake. Ukishalielewa hilo, unaanza kuzisikiliza hata zile albamu za 2015 kwa sikio jingine, ukijiuliza kila wimbo ulipataje nafasi yake. Baseball Diamond kwangu ni wa kawaida. Mzuri, lakini naelewa kwa nini ulibaki kabatini.

Zilizobaki zilikuwa zimetapakaa kila kona, na raha kubwa ya mkusanyiko huu ni hiyo. Rain in Numbers ulikuwa umefichwa mwishoni mwa albamu yao ya kwanza ya 2006, bila kuandikwa kwenye orodha. Usikilize kwa hedifoni: piano inasikika imelegea nyuzi, noti nyingine zinapinda kidogo, na sauti ya chumba chenyewe imeingia kwenye rekodi. Mtayarishaji makini angesafisha yote hayo na kuuharibu. Wherever You Go nao ulikuwa umefichwa kwenye Bloom, albamu yao ya 2012: ilibidi umalize wimbo wa mwisho, uvumilie kimya cha dakika kadhaa, ndipo uibuke. Baby na The Arrangement zilikuwa kwenye santuri ya Zebra ya 2010, toleo dogo la Siku ya Maduka ya Santuri (Record Store Day, ambapo maduka huuza matoleo maalumu), na usipowahi siku hiyo ulikuwa unaangukia kwa walanguzi. Equal Mind ulikuwa upande wa pili wa santuri ya wimbo wao Lazuli. I Do Not Care for the Winter Sun waliugawa bure msimu wa sikukuu, 2010.

Basi wapo wanaonung'unika. Waliohangaika kuzikusanya moja moja wanaona jasho lao limeshuka thamani, maana sasa kila mtu anazipata kwa kubofya mara moja. Kwangu hilo ni lalamiko la mwenye kabati, si la msikilizaji. Santuri zao bado wanazo, hakuna aliyewanyang'anya.

Saturn Song una kisa chake. Ulitengenezwa kwa mkusanyiko wa 2014 ulioitwa The Space Project, ambapo bendi mbalimbali zilipewa sauti zilizotokana na vipimo vya vyombo vya Voyager vilivyorushwa angani 1977, kila moja iweke hizo sauti ndani ya wimbo wake. Ningetegemea mbwembwe. Badala yake ile mivumo imekaa chini kabisa ya kinanda, na usingeambiwa ungeona ni upepo tu.

Halafu kuna Play the Game, wimbo wa 1980 wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ulioandikwa na mwimbaji wao Freddie Mercury (ndiyo, yule mzaliwa wa Unguja). Beach House waliurekodi 2009 kwa ajili ya Red Hot, shirika linalotumia muziki kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, ugonjwa uliomwua Mercury mwenyewe 1991. Queen waliuimba kwa kifua, kama wimbo wa uwanja mzima. Legrand anauimba kama mtu anayekubembeleza usiondoke. Mashabiki wa Queen ninaowafahamu hawautaki hata kuusikia; mimi nauweka juu ya nusu ya mkusanyiko.

Sasa kero. 10 Mile Stereo kwenye Teen Dream, albamu yao ya 2010, ni wimbo unaokimbia na kupaa. Hapa wameupunguza mwendo mpaka unajikokota, na ladha yote imemwagika. Norway ya kipindi cha kurekodi cha iTunes, duka la muziki la Apple, haiongezi chochote kwa mtu mwenye albamu. White Moon, uliotoka kipindi hichohicho, unastahili kuwepo kwa sababu haukuwa na nyumba nyingine. Used to Be ya 2008 nayo naitetea: ukiiweka kando ya ile waliyoirekodi upya kwa Teen Dream, unasikia wimbo uleule kabla haujanunuliwa nguo.

Kinachookoa yote ni mpangilio. Hawakufuata miaka. Wimbo wa 2015 unakaa jirani na wa 2010, unaofuata ni wa 2012, na ukisikiliza mfululizo huoni viraka. Kwa hiyo usizichanganye nyimbo, ziache ziende zilivyopangwa.

Nyota nne kati ya tano. Mgeni kabisa aanze na Teen Dream, kisha Bloom, ndipo aje hapa. Mwenye albamu zote asisite, ila akifika wimbo wa saba na wa kumi na tatu ana ruhusa yangu kuruka.